Kungoja na Kupishana: Utendaji wa Seva Nyepesi za Wavuti katika Maikrokontrola na Namna ya Kuueleza kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi seva ya wavuti inavyoweza kuendeshwa ndani ya maikrokontrola yenye kumbukumbu ya makumi machache ya kilobaiti, na sababu zinazoifanya seva ya aina hiyo iundwe kwa mtindo usio wa kungoja. Mfano mkuu ni kifaa kiitwacho ESP8266. Hoja ya makala ni kwamba tofauti baina ya seva ingojayo na seva isiyongoja haihitaji kuazimiwa maelezo kutoka lugha nyingine, kwani tayari imo katika mfumo wa kitenzi cha Kiswahili, hususan katika viambishi -ka-, -ki-, -po- na -sipo-. Mwishoni zinapendekezwa istilahi chache.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu istilahi za sayansi katika Kiswahili aghalabu huanzia kwenye orodha. Mwanaisimu huletewa safu ya maneno ya kigeni, akatakiwa kujaza safu ya pili kwa visawe. Njia hii imezaa matunda mengi, lakini ina kasoro moja ya msingi: humpa mwanaisimu neno kabla ya kumpa kitu. Matokeo yake ni kwamba baadhi ya visawe hufuata umbo la neno la kigeni ilhali utendaji wa kitu chenyewe haumo ndani yake.

Makala haya yanafuata njia tofauti. Kwanza kitu kinaelezwa kwa kirefu, kwa Kiswahili, hadi msomaji asiye mhandisi aelewe kinavyofanya kazi. Baada ya hapo ndipo lugha inapoulizwa ina nini ya kukiitia. Kitu kilichochaguliwa ni seva nyepesi ya wavuti iliyomo ndani ya maikrokontrola, nacho kimechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni teknolojia ya bei nafuu ambayo mwanafunzi anaweza kuijenga mwenyewe mezani. Pili, ndani yake mna dhana moja ambayo wanafunzi wengi huikariri pasipo kuielewa, nayo ni dhana ya kazi zisizongojana. Katika Tanzania na Kenya, ambako masomo ya sayansi katika sekondari na vyuo vikuu hufundishwa kwa Kiingereza, dhana hii humfikia mwanafunzi ikiwa imevikwa neno lenye asili ya Kigiriki ambalo halimwelezi lolote. Tutajaribu kuonyesha kwamba mwanafunzi huyo amekuwa akiitumia dhana yenyewe tangu alipoanza kusema.

2.0 Kifaa na mipaka yake

Maikrokontrola ni kompyuta nzima iliyomo katika kipande kimoja cha silikoni: kichakataji, kumbukumbu, na njia za kuingizia na kutolea habari. Hukaa ndani ya mashine ya kufulia, mita ya umeme au gari, ikifanya kazi moja au mbili maisha yake yote. Kwa miaka mingi vifaa hivi havikuwa na mawasiliano ya mtandao, au viliyapata kwa gharama kubwa.

Hali hiyo ilibadilika mwaka 2014, wakati kampuni ya Espressif ya Shanghai, China, ilipotoa ESP8266, kipande kidogo chenye kichakataji pamoja na redio ya Wi-Fi. Kichakataji chake huenda kwa kasi ya megahezi 80, nacho kinaweza kuongezwa hadi 160. Kasi hiyo si haba. Uhaba wake uko katika kumbukumbu. Programu ya mtumiaji ikishaanza na kifaa kikishajiunga na mtandao wa Wi-Fi, kumbukumbu inayobaki kwa matumizi ni takribani kilobaiti 50. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kawaida huzidi ukubwa huo mara nyingi. Vifaa vilivyofuata vilipanua nafasi: ESP32 ya mwaka 2016 ina kilobaiti 520 na, katika toleo lake la awali, viini viwili vya uchakataji, Raspberry Pi Pico W ya mwaka 2022 ina kilobaiti 264. Hata hivyo, kimsingi tatizo lilibaki lile lile.

Seva ya wavuti, kwa upande wake, ni programu inayopokea maombi kutoka kwa vivinjari na kuyajibu kwa kufuata itifaki ya HTTP. Ikiwa ndani ya maikrokontrola, seva humwezesha mtu kufungua kivinjari cha simu yake na kusoma joto la chumba cha kuatamishia mayai, au kuwasha pampu ya maji, bila kuhitaji programu maalumu katika simu. Ili jambo hili liwezekane, kifaa lazima kiwe na utekelezaji wa itifaki za intaneti ulio mwembamba mno. Utekelezaji unaotumika zaidi ni lwIP, ulioanzishwa na Adam Dunkels alipokuwa katika Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta ya Uswidi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Uliundwa kwa ajili ya mashine zenye makumi ya kilobaiti za kumbukumbu huru na nafasi ya takribani kilobaiti 40 kwa ajili ya msimbo wenyewe. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba itifaki kamili za intaneti haziwezi kuenea katika vyombo vidogo kiasi hicho.

3.0 Seva ya kungoja

Tuchukue mfano mmoja, tubaki nao. Kifaa chetu kimeunganishwa na kipimajoto cha DS18B20, na kila anayefungua ukurasa huonyeshwa joto la wakati huo. Kipimajoto hiki, kikipima kwa usahihi wake wa juu, huhitaji hadi milisekunde 750 tangu kinapoagizwa hadi kipimo kinapokuwa tayari. Mwanafunzi anayeanza ataiandika seva yake kwa mpangilio ufuatao:

(1) Seva ikampokea mteja, ikangoja ombi lake, ikalisoma, ikakiagiza kipimajoto, ikangoja milisekunde 750, ikasoma joto, ikatuma jibu, ikangoja uthibitisho kwamba jibu limefika, ikafunga muunganisho, ikamgeukia mteja wa pili.

Mpangilio huu ni rahisi kuuandika na rahisi kuusoma. Ubaya wake umo katika kitenzi kinachojirudia: ikangoja. Katika milisekunde 750, kichakataji cha megahezi 80 hupitiwa na mapigo milioni 60 ya saa yake ya ndani. Mapigo yote hayo hupotea bure huku seva ikikikodolea macho kipimajoto. Wateja wanne wakifika kwa pamoja, wa kwanza hujibiwa baada ya robo tatu ya sekunde, wa nne baada ya sekunde tatu, hata tukipuuza muda wa mtandao. Na mmoja wao akiwa na mtandao dhaifu, akatuma nusu ya ombi na kunyamaza, wote walio nyuma yake hukwama.

Msomaji anaweza kusema kwamba kifaa cha nyumbani hakina wateja wanne. Lakini ifahamike kwamba kivinjari kimoja si mteja mmoja. Ukurasa wenye maandishi, mtindo wa kurasa na picha mbili huhitaji maombi manne, na vivinjari vya kawaida hufungua miunganisho kadhaa kwa wakati mmoja kuelekea seva moja ili kuharakisha kazi. Kwa hiyo hata msomaji mmoja aliyeketi peke yake na simu yake anaweza kuijaza seva ya kungoja.

Katika kompyuta kubwa suluhisho la jadi lilikuwa kumpa kila mteja uzi wake wa utekelezaji. Nyuzi nyingi huendeshwa kwa zamu, na mmoja unapongoja, mwingine huendelea. Suluhisho hilo lina gharama: kila uzi huhitaji eneo lake la kumbukumbu la kuwekea mahali ulipofikia na vigeu vyake. Tukikadiria kilobaiti 4 kwa kila uzi, wateja kumi watakula kilobaiti 40 kati ya zile 50 tulizo nazo, kabla hata neno moja la jibu halijaandikwa. Kwa maikrokontrola ndogo, huu ni ubadhirifu usiovumilika.

Inafaa kutaja kwamba seva kubwa kupita kiasi zilikutana na ukuta huo huo. Mwaka 1999 Dan Kegel aliandika kuhusu tatizo la seva moja kuhudumia wateja 10,000 kwa pamoja, akionyesha kwamba mbinu ya uzi mmoja kwa kila mteja haifiki mbali. Seva ya nginx ya Igor Sysoev, iliyotolewa hadharani mwaka 2004, ilijengwa ili kulikabili tatizo hilo. Mmoja alikuwa na wateja wengi mno, mwingine ana kumbukumbu ndogo mno. Wote wawili walifikia jibu moja, nalo ni kuacha kungoja.

4.0 Seva isiyongoja

Mama lishe mwenye jiko moja na wateja kumi hasimami mbele ya mteja wa kwanza akingoja amalize kula ndipo amgeukie wa pili. Hupokea agizo la huyu, huinjika chungu, humpelekea maji yule, hurudi kuuepua wali ulioiva, hupokea pesa ya aliyemaliza. Mikono yake ni miwili tu, na kwa kila dakika hufanya jambo moja. Hata hivyo hakuna mteja anayehisi ameachwa. Kinachomwezesha si wingi wa mikono. Ni kwamba kila jambo linalohitaji muda, kama vile wali kuiva, huachwa liendelee lenyewe, naye huwa anajua la kufanya litakapokuwa tayari.

Seva isiyongoja hufanya vivyo hivyo. Ndani yake mna mzunguko mmoja usiokoma, tutakaouita mzunguko wa matukio. Kila mara mzunguko huuliza: kuna tukio gani jipya? Pakiti imefika? Muda umetimia? Uthibitisho umerudi? Likiwapo tukio, seva hutekeleza agizo fupi lililowekwa kwa ajili ya tukio hilo, kisha hurudi kwenye mzunguko mara moja. Programu nzima, badala ya kuwa mfululizo mmoja, huwa mkusanyiko wa maagizo:

(2) a. Mteja akibisha, afunguliwe daftari lake.
b. Ombi lake likikamilika, kipimajoto kiagizwe.
c. Milisekunde 750 zitakapotimia, joto lisomwe na kipande cha kwanza cha jibu kitumwe.
d. Uthibitisho ukirudi, kipande kinachofuata kitumwe. Vipande vikiisha, muunganisho ufungwe.

Hivi ndivyo lwIP yenyewe inavyotaka itumiwe katika kiwango chake cha chini kabisa. Mwandishi wa programu huikabidhi maagizo kadhaa: moja la mteja mpya, moja la data iliyoingia, moja la data iliyothibitishwa kupokelewa, moja la hitilafu, na moja la muunganisho uliokaa kimya. Baada ya kuyakabidhi, hasubiri chochote. Maktaba ya ESPAsyncWebServer, inayotumiwa sana na wajenzi wa vifaa vya ESP8266 na ESP32, imejengwa juu ya msingi huo.

Yapo mambo mawili ya kutahadharisha hapa. Kwanza, kutongoja hakukifanyi kipimajoto kiharakishe. Milisekunde 750 zinabaki zile zile. Kinachobadilika ni kwamba wateja wanne waliofika pamoja watajibiwa wote baada ya muda huo, na kwa kipimo kimoja. Mjenzi mzoefu huenda mbali zaidi: hupanga joto lipimwe kila baada ya sekunde kumi, na mwenye ombi hupewa papo hapo kipimo cha mwisho kilichohifadhiwa. Pili, kipande cha jibu ni neno lenye uzito. Seva yenye kilobaiti 50 inaweza kutuma ukurasa wa kilobaiti 200 uliomo katika hifadhi ya kudumu, kwa sababu haiupakii wote katika kumbukumbu. Husoma kipande kisichozidi ujazo wa pakiti, ambao katika mitandao ya kawaida ni baiti 1,460 za data, ikakituma, na kukigusa kingine pale tu nafasi inapopatikana.

5.0 Ushahidi wa kitenzi

Sasa tuziangalie sentensi za (1) na (2) kwa jicho la sarufi. Mfano (1) umebebwa na kiambishi -ka-, ambacho katika Kiswahili huonyesha matendo yanayofuatana, kila moja likianza baada ya lililotangulia kwisha. Hiki ndicho kiambishi cha masimulizi: alifika, akabisha hodi, akakaribishwa, akaketi. Msimulizi hawezi kumketisha mgeni kabla hajamkaribisha. Programu ya kungoja ni hadithi ya -ka-, na udhaifu wake ni udhaifu wa kila hadithi iliyosimuliwa hivyo: tendo moja likikwama, hadithi nzima imekwama.

Mfano (2) umebebwa na -ki- pamoja na kitenzi cha dhamira tegemezi: mgeni akifika, akaribishwe. Sentensi ya namna hii haisimulii tukio. Huweka amri itakayokaa mpaka sharti lake litimie, na anayeitamka yuko huru kwenda zake. Wazazi wanaotoka asubuhi na kumwachia mtoto maagizo (muuza maziwa akija, mpe pesa hii, mvua ikinyesha, anua nguo) wameandika programu isiyongoja, bila mpangilio wa awali wa lipi litatangulia. Na agizo likiwa la kudumu, Kiswahili hulitia kiambishi hu-: ombi likifika, hujibiwa.

Kiambishi -ki- kina kazi ya pili, nayo inatufaa vilevile. Hudokeza tendo linaloendelea wakati jingine likitendeka: alikuwa akipika huku akizungumza. Sharti na uendelevu, ambazo ndizo sifa mbili za seva isiyongoja, zimebebwa na umbo moja. Hatudai kwamba lugha ilitabiri teknolojia. Tunachodai ni kwamba mzungumzaji wa Kiswahili ana mahali pa kuiweka dhana hii akilini pake, na kwamba mwalimu asiyepatumia mahali hapo anajinyima chombo.

Ushahidi wenye faida kubwa zaidi umo katika tofauti ya -ki- na -po-. Katika (2c) tumetumia zitakapotimia, wala hatukutumia zikitimia. Umbo la -takapo- humchukulia msikilizaji kwamba tukio litatokea. Kinachosubiriwa ni wakati wake tu. Umbo la -ki- huliacha tukio katika shaka: atakapokuja, anakuja, akija, huenda asije. Tofauti hii inalingana na tofauti halisi ndani ya mashine. Saa ya kifaa haishindwi kutimiza milisekunde 750, na kwa hiyo tukio la saa ni tukio la -po-. Mtandao, kinyume chake, hauahidi chochote. Simu huzimwa, mtu hutoka nje ya masafa ya redio, pakiti hupotea. Kila tukio la mtandao ni tukio la -ki-.

Kutokana na hapo inapatikana kanuni ya uhandisi inayoweza kutamkwa kisarufi: kila -ki- ya mtandao sharti iwe na -sipo- yake.

(3) a. Uthibitisho ukirudi, kipande kinachofuata kitumwe.
b. Usiporudi katika sekunde tano, muunganisho ufungwe na daftari lirudishwe.

Mwanafunzi akiandika (3a) bila (3b), seva yake itafanya kazi vizuri mezani pake, kisha itanyamaza baada ya siku mbili. Sababu ni kwamba madaftari ya wateja walioondoka bila kuaga hayarudishwi. Katika mipangilio ya asili ya lwIP miunganisho hai inayoruhusiwa kwa wakati mmoja ni mitano tu. Wateja watano wa aina hiyo wanatosha kuyamaliza madaftari yote. Wabunifu wa lwIP walilijua jambo hili, na ndiyo sababu kati ya maagizo yanayokabidhiwa mna lile la muunganisho uliokaa kimya, ambalo huitwa tena na tena ili programu iamue kama imechoka kusubiri. Lile ndilo agizo la -sipo-.

6.0 Gharama za kutongoja

Mtindo huu una gharama zake, na si haki kuuficha upande huo.

Gharama ya kwanza ni nidhamu. Kwa kuwa mzunguko ni mmoja, agizo lolote likichelewa limewachelewesha wote. Ndiyo maana waandishi wa ESPAsyncWebServer wanakataza kabisa kutumia amri za kusitisha programu ndani ya maagizo hayo. Katika ESP8266 kosa hilo huadhibiwa upesi: kifaa kina kipimamuda cha ulinzi ambacho, kisipopata dalili kwa sekunde chache kwamba programu iko hai, hukianzisha kifaa upya.

Gharama ya pili ni kukumbuka. Katika hadithi ya -ka- mahali ilipofikia hadithi hujulikana kwa mahali programu ilipo. Katika maagizo ya -ki- hakuna mahali. Kila agizo hufika likiwa halijui lililotangulia. Kwa hiyo kila mteja lazima awe na daftari linaloandikwa yu nani, ombi lake limesomwa hadi wapi, na vipande vingapi vimekwisha kutumwa. Daftari hilo linaweza kuwa dogo mno likilinganishwa na eneo la uzi, nayo ndiyo faida iliyotafutwa. Lakini mzigo wa kulitunza umehama kutoka kwa mashine hadi kwa mwandishi.

Gharama ya tatu haitokani na mtindo wenyewe, ila hujitokeza panapo kumbukumbu ndogo, nayo ni usalama. Mawasiliano yaliyofichwa kwa itifaki ya TLS huruhusu rekodi za hadi kilobaiti 16. Anayetenga hifadhi kamili ya kupokelea na ya kutumia amekwisha kula kilobaiti 32 kwa mteja mmoja. Zipo mbinu za kupunguza kiasi hicho pande zote mbili zikikubaliana, lakini seva nyingi za ESP8266 huishia kuzungumza waziwazi. Seva ya namna hiyo inafaa ndani ya mtandao wa nyumba au maabara unaolindwa. Kuiweka wazi kwenye intaneti, hasa ikiwa inawasha pampu au inafungua mlango, ni uzembe.

7.0 Kuirudisha hadithi

Gharama ya pili ndiyo iliyowasumbua zaidi waandishi wa programu. Hadithi iliyokatwakatwa vipande kumi ni ngumu kuisoma, na kosa lililo baina ya kipande na kipande ni gumu kuliona. Swali likawa: je, inawezekana kuandika kwa mtindo wa -ka- na mashine itende kwa mtindo wa -ki-?

Jibu moja lilitoka kwa Dunkels na wenzake. Mwaka 2006 walichapisha maelezo ya mbinu ya nyuzi nyepesi ambazo kila mmoja huhitaji baiti mbili tu za kumbukumbu, kwa sababu hauhifadhi chochote isipokuwa mahali ulipofikia. Bei yake ni kwamba vigeu vya ndani hupotea kila uzi unaposimama. Jibu la pili linapatikana katika MicroPython, utekelezaji wa lugha ya Python kwa ajili ya maikrokontrola ulioanzishwa na Damien George mwaka 2013. Humo programu huandikwa kama hadithi, lakini kila penye kungoja huwekwa alama maalumu:

(4) Soma ombi, ukipisha mpaka likamilike, agiza kipimajoto, pisha milisekunde 750, soma joto, tuma jibu, ukipisha mpaka lithibitishwe, funga.

Alama hiyo katika Python huandikwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kungoja, na hapo ndipo wanafunzi wanapopotoka. Wanasoma ngoja, wakadhani seva imesimama. Kilichosimama ni hadithi ya mteja mmoja tu. Seva yenyewe imewapa njia wengine, nayo itairudia hadithi hii tukio lake litakapokuwa tayari. Kiswahili kina kitenzi cha maana hiyo hasa, nacho ni pisha.

8.0 Istilahi zinazopendekezwa

Anayefuata umbo la neno la Kigiriki, lenye maana ya kutokuwa katika wakati mmoja, atapata kitu kama seva isiyolandana. Istilahi hiyo ina uaminifu kwa neno, haina uaminifu kwa kitu. Haisemi ni nini kisicholandana na nini, tena inadokeza kasoro, kana kwamba kulandana ndiko kuzuri. Badala yake tunapendekeza kitenzi pita na vizalia vyake.

Kutokana na pita tuna pisha, umbo kongwe la kutendesha lililotofautiana kimaana na pitisha. Kupitisha ni kufanya kitu kipite. Kupisha ni kujiondoa njiani ili mwingine apite. Kupisha, basi, ni tendo la kazi moja kuacha zamu kwa hiari yake. Kutokana na pisha tuna pishana, na kwa hiyo seva ya kupishana ni seva ambayo kazi zake hupeana zamu. Kinyume chake ni seva ya kungoja. Upishanaji ni mtindo mzima. Ni kweli kwamba kupishana kuna maana nyingine, kama vile watu kukosana njiani au kutofautiana kwa umri, lakini muktadha wa kazi na zamu unatosha kuziepusha.

Faida ya pili ya istilahi hii ni kwamba inaacha nafasi kwa neno sambamba. Kazi mbili zinazotendeka kwa sekunde ile ile hasa, kama zinavyoweza kutendeka katika viini viwili vya ESP32, ni kazi sambamba. Kazi mbili zinazogawana kiini kimoja kwa zamu, kama katika ESP8266, ni kazi za kupishana. Mama lishe wetu ni wa kupishana. Akija dada yake kumsaidia, wamekuwa sambamba, na kila mmoja wao bado anapishanisha kazi zake. Kuchanganya dhana hizi mbili ni kosa la kawaida hata katika majibu ya mitihani, na maneno haya mawili yanalizuia tangu mwanzo.

Kwa dhana nyingine tunapendekeza tukio, mzunguko wa matukio, agizo la tukio kwa ajili ya kipande cha programu kinachokabidhiwa kikingojea tukio lake, daftari la mteja kwa rekodi ya hali ya kila muunganisho, na ukomo wa subira kwa muda ambao -sipo- huanza kutenda. Maneno kama seva, itifaki, pakiti na baiti yamekwisha kukita mizizi, na hatuoni faida ya kuyang'oa.

9.0 Hitimisho

Juhudi za awali za kuiswahilisha kompyuta, kama vile Jambo OpenOffice iliyotolewa mwaka 2004 kutokana na mradi uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilimlenga hasa mtumiaji: anayefungua faili, anayehifadhi, anayefuta. Mtengenezaji ana mahitaji mengine. Haimtoshi kuambiwa jina la kitufe. Anahitaji kueleza kwa nini seva yake imenyamaza siku ya tatu, na kueleza kwa lugha anayofikiria kwayo.

Makala haya yameonyesha kwamba kwa dhana moja ngumu, msingi wa maelezo hayo umo katika vitenzi vya kila siku. Kazi inayobaki ni ya majaribio darasani: kundi moja la wanafunzi lifundishwe upishanaji kwa njia ya -ka-, -ki- na -sipo-, jingine kwa njia iliyozoeleka, kisha programu zao zilinganishwe, hususan katika idadi ya maagizo yasiyo na ukomo wa subira. Jaribio hilo halihitaji maabara kubwa. Linahitaji vifaa vichache vya bei nafuu, mwalimu wa kompyuta, na mwanaisimu aliye tayari kuketi naye.